Mathenge: Adui Malishoni, Stuli Nyumbani

Msomaji wa Kotile na sehemu nyingine za Garissa hahitaji kuelezwa mathenge ni nini. Mti huu wa miiba uliletwa kuzuia jangwa, ukavamia malisho. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu hatari. Hata hivyo, mbao zake ni ngumu. Je, waweza kujitengenezea stuli?

Bila shaka! Shina lake huwa fupi tena limepinda, hivyo chora kwanza stuli ya vipande vifupi na uandike vipimo. Pasua mbao, uzianike kivulini hadi zikauke. Zikiungwa mbichi, miguu italegea. Toboa kwa keekee kabla ya kupigilia misumari, zisipasuke. Mwisho, ng'oa kisiki. Ukikiacha, kitachipuka tena.