Dunia Kwa Ndani (2): Nani Alifika Huko Akatuletea Habari?

Katika makala ya kwanza tuliipima dunia kwa nje, tukaishia kwenye kipimo kimoja: kutoka juu ya ardhi hadi katikati kabisa ni wastani wa kilomita 6,371. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, ila hii ni ya kwenda chini, na hakuna binadamu aliyeifanya. Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote lilichimbwa na Warusi katika rasi ya Kola. Walianza mwaka 1970, na kufikia mwaka 1989 walikuwa wameteremka mita 12,262. Huko mwamba ulikuwa na joto la nyuzi 180 za Selsiasi, zaidi ya walivyotarajia, na kazi ikawashinda. Hawakuwa wamemaliza hata sehemu moja ya mia tano ya njia.

Pamoja na hayo, kila kitabu cha Jiografia kina mchoro wa dunia iliyokatwa katikati, duara ndani ya duara: ganda, koti, kiini cha nje, kiini cha ndani. Mwanafunzi hukariri majina, huyaandika kwenye mtihani, akapata alama zake. Kwangu mimi hayo hayatoshi. Mtoto mwenye akili ya kudadisi atauliza: kama hakuna aliyefika, nani alijua? Swali hilo ni la haki, na mwalimu asilikwepe, maana jibu lake lina utamu kuliko mchoro wenyewe.

Shahidi wa kwanza ni uzito. Mwaka 1798 Mwingereza Henry Cavendish, akitumia mipira ya risasi na waya, alipima jinsi vitu vinavyovutana. Kutokana na kipimo hicho ilijulikana kwamba dunia nzima ni nzito karibu mara tano na nusu kuliko maji ya ujazo uleule. Sasa chukua jiwe la graniti, kama yale makubwa yaliyopandana kando ya ziwa pale Mwanza. Hilo ni zito kuliko maji mara 2.7 hivi tu. Ikiwa mawe ya juu ni mepesi kiasi hicho, basi ndani lazima kuna kitu kizito sana cha kufidia.

Shahidi mkubwa zaidi ni tetemeko la ardhi. Mwamba unapokatika ghafla chini, mtikisiko husambaa pande zote, hata kupenya katikati ya dunia na kutokea upande wa pili kwa muda wa dakika kama 20. Mawimbi yanayotuhusu ni ya aina mbili. Mawimbi ya P husukuma na kuvuta mwamba kulekule yanakoelekea. Hayo ndiyo yenye mbio, na hufika kwanza. Mawimbi ya S hutikisa mwamba kwa ubavu huku yakisonga mbele, nayo hufika baadaye. Mawimbi ya P hupita kwenye kigumu na kwenye kimiminika pia. Ya S hupita kwenye kigumu tu, kwa sababu kimiminika kikisukumwa ubavuni hakina nguvu ya kurudi mahali pake. Shika hilo, msomaji kijana, kwani mengi yanayofuata yanalitegemea.

Tarehe 8 Oktoba 1909 ardhi ilitikisika kusini mwa Zagreb, nchini Kroatia. Andrija Mohorovičić, mkuu wa kituo cha hali ya hewa mjini humo, alikusanya kumbukumbu za mashine za kunasa mitikisiko kutoka vituo vya karibu na vya mbali. Akaona kwamba katika baadhi ya vituo mawimbi ya P yalifika mara mbili, ingawa tetemeko lilikuwa moja. Alitambua kwamba mawimbi mengine yalipita moja kwa moja kwenye miamba ya juu, na mengine yalizama, yakakuta chini miamba inayoyapitisha kwa kasi zaidi, kisha yakapanda tena. Kwenye vituo vya mbali, yaliyozunguka njia ndefu ndiyo yaliyotangulia! Mpaka huo wa kasi ndio mwisho wa ganda. Leo tunajua kwamba ganda lina unene wa kilomita 35 hivi chini ya mabara, hufika 70 chini ya milima ya Himalaya, na chini ya bahari ni kilomita 7 tu au karibu na hapo.

Baada ya ganda ni koti, lenye unene wa kilomita 2,900 hivi. Hilo peke yake ni zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wa dunia. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi hupotoshwa na rangi za mchoro. Koti hupakwa jekundu, basi mtoto huamini kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya lava inayochemka, na volkeno ni matundu yake. Sivyo kabisa. Mawimbi ya S hupita kwenye koti kuanzia juu hadi chini, nasi tumeona kwamba hayapiti kwenye kimiminika. Koti ni mwamba mgumu. Ni la moto kweli, lakini mgandamizo wa miamba iliyo juu yake hauliachi liyeyuke. Hata hivyo linatembea, sentimita chache kwa mwaka. Fikiria lami iliyopoa: ukiigonga kwa nyundo hupasuka vipande, lakini ukiilaza pipani siku nyingi hujimwaga yenyewe, polepole. Tabia ya koti ndiyo hiyo, ila kwa mamilioni ya miaka.

Lava basi hutoka wapi? Sehemu ndogo ya koti huyeyuka pale mwamba wa moto unapopanda na mgandamizo kupungua, kama inavyotokea chini ya Bonde la Ufa. Lava ya volkeno nyingi huwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, hutoa lava ya nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi, nyepesi kutiririka, ambayo hugeuka nyeupe baada ya muda mfupi kwa kukutana na unyevu wa hewa. Hakuna volkeno nyingine hai duniani inayofanya hivyo.

Volkeno hubeba pia mawe ambayo hayakuyeyuka. Pale Lashaine, upande wa Monduli, wanajiolojia wameokota vipande vya koti lenyewe vilivyong'olewa chini na kurushwa juu, vimejaa madini ya kijani yaitwayo olivini. Almasi za Mwadui, alizozigundua John Williamson mwaka 1940, zilipandishwa na volkeno ya kale kutoka kina cha zaidi ya kilomita 100. Na ndugu zetu walioko Oman wana bahati zaidi: katika milima ya Hajar, kipande cha sakafu ya bahari ya kale kilisukumwa juu ya nchi kavu pamoja na sehemu ya koti iliyokuwa chini yake. Huko mtu anaweza kukanyaga koti kwa miguu yake.

Kiini hakijawahi kutuletea jiwe, na hapa tunarudi kwa matetemeko. Mwaka 1906 Richard Oldham alionyesha kwamba mawimbi yanayopita karibu na katikati huchelewa, kwa hiyo kuna kitu tofauti huko. Mwaka 1926 Harold Jeffreys akathibitisha kwamba kitu hicho ni kimiminika. Mawimbi ya S yalikuwa hayatokei upande wa pili.

Jambo likaonekana limekwisha, hadi alipokuja mwanamke wa Denmark, Inge Lehmann. Kiini kilichokuwa kimiminika kitupu kingeacha eneo la dunia lisilofikiwa na mawimbi ya P moja kwa moja. Lakini baada ya tetemeko kubwa la New Zealand la mwaka 1929, mashine za Urusi zilinasa mawimbi hafifu ndani ya eneo hilohilo. Wengine waliyapuuza. Lehmann aliyafuatilia bila kompyuta, na jamaa yake mmoja alikumbuka kumwona bustanini akipanga takwimu zake kwenye kadi ndani ya maboksi ya uji wa shayiri. Mwaka 1936 alitangaza kwamba ndani ya kiini kuna kiini kingine kinachoyarudisha mawimbi hayo. Baadaye ilithibitika kwamba ni kigumu. Nusu kipenyo chake ni kilomita 1,220 hivi, joto lake ni zaidi ya nyuzi 5,000, na kimebaki kigumu kwa sababu ya mgandamizo wa ajabu. Lehmann alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 104, na ningependa kila msichana anayepewa mchoro ule apewe na jina lake.

Viini vyote viwili ni vya chuma kilichochanganyika na nikeli. Anayetaka kuona mfano wake aende Mbozi, mkoani Songwe, kwenye kimondo cha Ndolezi. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Wanasayansi wanaona kwamba vimondo vya namna hii ni mabaki ya viini vya sayari ndogo zilizovunjika zamani. Chuma cha kiini cha nje, kwa kuwa kinatiririka, huzalisha usumaku unaoelekeza dira za mabaharia na kutukinga na chembe kali zitokazo kwenye jua.

Walimu mnaosoma makala haya, choreni mchoro ubaoni, lakini kwa kila duara mwulizeni mwanafunzi tulijuaje. Wiki ijayo tutazungumzia mabamba ya ganda, na kwa nini Afrika Mashariki inajitenga na bara zima kwa milimita chache kila mwaka.