Jua likizama Namanga, wenye magari ya kulala huegesha wapi?

Gari lenye kitanda na jiko ndani likivuka Namanga jioni kutoka Kenya, dereva huwaza jambo moja: litaegeshwa wapi usiku? Arusha bado iko mbali, zaidi ya kilomita 100, na gizani mifugo na malori yasiyo na taa huifanya barabara kuwa ya hatari.

Karatasi si mzigo kama zamani. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, taratibu za nchi mbili hukamilishwa mahali pamoja, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA hutambuliwa pande zote.

Wageni hawa hawatafuti chumba. Wanataka uwanja tambarare wenye uzio, mlinzi, choo safi, maji ya kujaza tangi na mahali pa kumwaga maji machafu. Wengi huongozwa na programu ya simu ya iOverlander, ambamo aliyelala jana humwachia maelezo anayekuja kesho. Choo kichafu nacho huandikwa humo.

Kwa mfanyabiashara mwenye ua mpakani, hiyo ni biashara. Mgeni aliyelala salama huamka akinunua mkate, mboga, gesi na vocha. Aliyekosa pa kulala huondoka na fedha zake.