Fahamu tofauti ya Windows Terminal ya kifurushi na ya kubebeka

Windows Terminal, programu ya Microsoft inayomwezesha mtumiaji kuiandikia kompyuta amri moja kwa moja, hupatikana kwa njia kuu mbili: ya kifurushi na ya kubebeka. Uamuzi wa kuchagua mojawapo unagusa usalama wa kompyuta, hasa inayotumiwa na watu wengi.

Programu ya kifurushi kwa kawaida husakinishwa kupitia Microsoft Store na husajiliwa katika mfumo wa Windows. Kwa sababu hiyo hupokea masasisho yenyewe, inaweza kuteuliwa kuwa terminali kuu ya kompyuta, na folda yoyote inaweza kufunguliwa ndani yake kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya. Mipangilio yake huhifadhiwa katika akaunti ya kila mtumiaji.

Programu ya kubebeka hupakuliwa ikiwa faili la ZIP kutoka ukurasa wa Microsoft ulioko GitHub, kisha hufunguliwa katika folda na kutumika bila kusakinishwa. Hali ya kubebeka ilianza na toleo la 1.18 la mwaka 2023. Faili liitwalo .portable likiwekwa kando ya WindowsTerminal.exe, mipangilio yote hubaki katika folda hiyohiyo. Faili hilo lisipokuwepo, mipangilio hurudi kuhifadhiwa katika akaunti ya mtumiaji.

Faida ya njia hii ni kwamba fundi anaweza kubeba programu na mipangilio yake kwenye flashi, au kuitumia katika kompyuta isiyo na Microsoft Store. Hata hivyo, haijisasishi. Kasoro ya usalama iliyokwisha kurekebishwa na Microsoft itaendelea kuwepo hadi mhusika apakue toleo jipya, alifungue, kisha ahamishie humo faili la .portable na folda ya mipangilio.

Aidha, mipangilio huandikwa kwa maandishi ya kawaida katika faili la settings.json. Flashi ikipotea, atakayeiokota ataweza kuyasoma, zikiwemo anwani za seva zilizohifadhiwa humo. Nywila hazipaswi kuandikwa katika faili hilo.

Kwa kompyuta za ofisi na za familia, njia ya kifurushi ndiyo salama zaidi. Anayelazimika kutumia ya kubebeka aipakue kutoka kwa Microsoft yenyewe, aepuke nakala za kupeana mkononi, na akague matoleo mapya mara kwa mara.