Kingo za vitanda: fundi apime kwanza, muuzaji asijaze stoo

MWENYE duka la samani Korogwe au Handeni amezoea maswali mawili ya mnunuzi wa kitanda: upana wake na aina ya mbao. Lipo la tatu, la mtu mwenye mzazi aliyepata kiharusi: mgonjwa atazuiwaje asianguke usiku?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Jibu la haraka ni ukingo wa chuma pembeni mwa kitanda. Kwa fundi wa kuchomelea grili, pale Manundu au Chanika, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Tatizo ni nafasi anazoziacha. Marekani, kati ya 1985 na mwanzo wa 2009, ziliripotiwa ajali 803 za watu kunasa kwenye kingo za vitanda, 480 walikufa. Wengi walikuwa wazee dhaifu au waliochanganyikiwa. Mwongozo uliotolewa huko mwaka 2006 unataka nafasi inayoweza kupitisha kichwa iwe chini ya milimita 120.

Kipimo hicho si cha fito na fito tu. Nafasi kati ya ukingo na godoro ndiyo inayosahaulika, na godoro la sponji likibonyea huongezeka. Kwa hiyo fundi apime godoro lilelile litakalotumika, mtu akiwa amelala juu yake. Mteja akibadili godoro la inchi 4 kuweka la inchi 8, ukingo umepungua kimo inchi 4.

Mgonjwa aliyechanganyikiwa huweza kuuparamia ukingo na kuanguka kutoka juu zaidi. Huyo muuzie kitanda kifupi, kishikio imara cha kuinukia, poti la karibu na taa ndogo ya sola. (Chandarua nacho kisiachwe kikaburuza sakafuni.)

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri wetu ni kuchukua oda na malipo ya awali, kisha fundi aende nyumbani kwa mteja. Vitanda vyetu vya mafundi havina kipimo kimoja. Shehena ya kingo za kuagiza itakulalia. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni lami, na fundi mmoja mwenye pikipiki anaweza kuhudumia miji yote miwili. Atakayeng'ang'ania kuagiza vitanda vya hospitali kutoka nje aanzie Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kabla ya kutuma fedha.