Mikono Safi Huzuia Maradhi

Wasikilizaji wetu wa Kalangalala na Geita nzima, wachimbaji miongoni mwenu wajua kwamba chembe za dhahabu hazionekani upesi katika udongo mpaka uoshwe. Vijidudu vya maradhi navyo havionekani mkononi, hata ukidhani u safi.

Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi. Vijidudu vyake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, vikaingia kinywani kwa maji, kwa chakula na kwa mikono.

Basi tuache desturi ya kunawa wote katika bakuli moja, maana wa mwisho hunawa uchafu wa wenzake. Yafaa maji yamiminwe. Tutundike kibuyu chirizi karibu na choo: kidumu kilichotobolewa, chenye kamba ya kukanyagia, ili mkono usikiguse.

Tusugue kwa sabuni, au majivu ikikosekana, vidoleni na chini ya kucha, kwa sekunde 20. Tufanye hivyo tutokapo chooni, tukiisha kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika, kula au kulisha. Kuhara huua watoto wadogo upesi. Sabuni ni rahisi kuliko msiba.