Miksi ya Nyumbani Isikukimbizie Wateja

Leo naongea na wenzangu wa studio za chumbani: laptop moja, maiki moja, hedifoni na wateja wa mtaani.

Mwaka wangu wa kwanza nilirekodi kwaya moja kwa elfu 80. Chumbani kwangu wimbo ulikuwa unapiga balaa. Jumapili mwalimu wa kwaya akanipigia: "Kijana, kwenye gari besi inavuma tu, kwenye simu haipo kabisa, na waimbaji hatuwasikii." Nilirudia kazi siku nne bila malipo. Kwaya ya pili waliyotaka kuniletea ikaenda kwa mwingine.

Nilichojifunza ni hiki:

1. Miksi kwa sauti ndogo. Ukifungulia sana, sikio linasikia besi na sauti kali za juu zaidi ya zilivyo, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kitamu. Weka kiasi ambacho mnaweza kuongea na mtu pembeni bila kupaza sauti. Toka nje mara kwa mara upumzishe masikio.

2. Punguza kabla hujaongeza. Anza na mwimbaji na ngoma, vikae sawa, ndipo uingize vingine. Kwenye sauti za waimbaji kata mivumo iliyo chini ya hezi 80 hivi, uache nafasi ya kiki na besi. Usipande sana, utawala wanaume wanaoimba besi. Sauti ikiwa kama inatokea ndani ya pipa, shusha kidogo kati ya hezi 200 na 400.

3. Chumba kinadanganya. Chumba kidogo kinarundika besi kwenye kona. Usibandike spika ukutani. Blanketi na godoro vinasaidia mwangwi, ila besi haviizuii sana, hivyo hakiki na hedifoni pia.

4. Linganisha kwa haki. Chukua wimbo wa kitaalamu wa aina hiyohiyo, ushushe ulingane na miksi yako, ndipo usikilize. Usiposhusha, wenye sauti kubwa utaonekana bora hata kama sio. Halafu jaribu kwenye simu, sabufa na bajaji ya jirani. Spika ya simu haitoi besi ya chini, kwa hiyo ipe besi yako ukwaruzo kidogo ili isikike na huko.

5. Usishindane kwa makelele. Kwenye kompyuta desibeli 0 ndio dari, ukipita sauti inachanika. Wakati wa kumiksi acha vilele viishie kama -6, kisha limita ya mwisho uiweke -1. Spotify na YouTube zinashusha wimbo uliozidi kiwango chao, ambacho ni karibu LUFS -14, kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti. Ukiubana wimbo ili upige kelele, watakushushia hivyohivyo, na ngoma zako zimeshakufa.

Siku hizi simkabidhi mteja faili kabla sijalisikiliza kwenye simu yangu ya bei ya chini kabisa. Dakika tano tu. Kurudia ile kazi ya kwaya kulinila siku nne, na mteja wa pili hakurudi.