Wapenzi wa timu ngeni wabakie kwao? Tuzungumuze kwanza juu ya milango

Kila mara mechi kubwa inakaribia, mabishano ni yaleyale mu makambi yetu, toka Lubumbashi mupaka Kolwezi: wapenzi wa timu inayokuja waruhusiwe kuingia kiwanjani, ao wabakie kwao? Kwenye kituo cha bisi, kwenye kantini, hata mwisho wa mikutano ya sendika, watu wanabishana. Mumoja anasema: wakatazwe, tulale na amani. Mwingine anamujibu: ukikataza wageni leo, kesho utanikataza mimi. Sisi wa sendika tunasikiliza pande zote mbili, maana zote mbili ni watu wetu. Mu zamu moja ya kazi kuko wa Mazembe, kuko wa Lupopo, na kuko mutoto wa Mbuji-Mayi ambaye roho yake ni Sanga Balende.

Kwetu mupira hauko mupira tu, na kila mutu anajua. TP Mazembe inaongozwa na Moïse Katumbi tangu 1997. Alikuwa liwali wa Katanga toka 2007 mupaka 2015, nyuma ya ile akawa mupinzani, na mwaka 2023 alisimama mu uchaguzi wa prezida wa inchi. Upande wa FC Saint-Éloi Lupopo, Jacques Kyabula alikuwa prezida wa timu na wakati huohuo liwali wa Haut-Katanga. Basi derbi ya Lubumbashi, mbele hata mupira haujapigwa, tayari iko na harufu ya siasa. Na Mazembe ikienda Kinshasa kucheza na AS Vita Club, kuko watu hawaone tena wachezaji 11 na wachezaji 11. Wanaona Katanga na Kinshasa. Mutu akivaa mayo nyeusi na nyeupe, watamuhesabu kuwa wa chama fulani, hata kama hajashika kadi ya chama maisha yake yote.

Sababu za wale wanaotaka katazo

Tusiwachekelee wale wanaosema wageni wakatazwe. Wengi wao ni wazazi. Mama ambaye kijana wake anapanda juu ya kamyo toka Kolwezi kwenda Lubumbashi, kilometa karibu 300, na atarudi usiku na sauti imekauka na pombe kichwani, ule mama iko na haki ya kuogopa. Wanatoa na mifano. Tarehe 1 Februari 2012, mu Misri, wapenzi wa Al Ahly walifuata timu yao mupaka Port Said. Timu ya kule ilishinda, lakini umati ukaingia kiwanjani na kuwarukia wageni. Watu zaidi ya 70 walikufa. Ilikuwa ni mwaka mumoja tu tangu serikali ya Mubarak ianguke, na vijana wa Al Ahly walikuwa wameandamana sana. Watu wengi kule wanaamini mupaka leo kama siasa iliingia mule.

Kwa hiyo, mutu akisema mugeni iko na hatari, hasemi bongo. Lakini swali letu ni lingine: je, mugeni akibakia kwake, watu hawatakufa tena?

Tuangalie waliokufa

Mwaka 2001, mu mwezi mumoja tu, Afrika ililia mara tatu. Tarehe 11 Aprili, watu 43 walikufa Johannesburg, kwenye kiwanja cha Ellis Park, juu watu walikuwa wengi kupita nafasi. Tarehe 29 Aprili, ikawa hapa kwetu Lubumbashi, siku ya Mazembe na Lupopo: vitu vilitupwa kiwanjani, polisi ikapiga gazi ya machozi, watu wakakanyagana, na wengine hawakurudi nyumbani. Tarehe 9 Mai, ikawa Accra, mu Ghana: gazi tena, milango imefungwa, watu 126 wamekufa. Angalia vizuri derbi yetu: mugeni alikuwa nani? Wote walikuwa watoto wa muji mumoja. Ungemukataza nani, wa Kamalondo ao wa Kenya?

Tarehe 11 Mai 2014, Kinshasa, kiwanja cha Tata Raphaël, Vita na Mazembe. Mazembe inaongoza bao 1 kwa 0. Wapenzi wa Vita wakakasirika, mawe yakaanza kuruka, polisi ikapiga gazi. Watu wakakimbilia kutoka, ukuta ukaanguka. Watu 15 walikufa. Kiwanja kilikuwa kimejaa watu wa Kinshasa wenyewe. Wapenzi waliotoka Katanga walikuwa wachache sana mbele ya umati ule.

Kama hii haitoshe, tufike Indonesia. Tarehe 1 Oktoba 2022, mu muji wa Malang, Arema ilikuwa inacheza na Persebaya, adui wake wa siku nyingi. Wakubwa walifanya hasa kile wenzetu wanachoomba: wapenzi wa Persebaya walikatazwa kuja. Ndani kulikuwa wapenzi wa timu moja peke yake. Arema ikashindwa kwake, vijana wakashuka kiwanjani, polisi ikapiga gazi mupaka kwenye vikao vya watu, na watu wakakimbilia milango ambayo haikufunguka vizuri. Watu 135 walikufa, na watoto kati yao.

Misri nayo ilijaribu. Nyuma ya Port Said walifunga viwanja, mechi zikachezwa bila watu. Wakati walianza kufungua kidogo, tarehe 8 Februari 2015, Cairo, wapenzi wa Zamalek walikuwa wanaingia kwenye kijia chembamba cha vyuma. Polisi ikapiga gazi, watu karibu 20 wakafa mbele hata ya kuingia. Timu ya upande mwingine ilikuwa ENPPI, timu ya kampani ya petroli. Hakukuwa adui wa kupigana naye pale.

Na tukumbuke Julai 2024, Kinshasa, kwenye Stade des Martyrs. Haikuwa mupira, ilikuwa nyimbo za Mungu, watu wote wakiimba kitu kimoja. Kulingana na wakubwa wa muji, watu 9 walikufa mu musongamano. Nani alikuwa timu ngeni siku ile?

Kazi ya mine imetufundisha nini

Sisi watu wa migodi, hii hesabu tunaijua. Mutu akifa kazini, hatuulize tu alikuwa na tabia gani. Tunauliza: hewa ilikuwa inapita? Njia ya pili ya kutokea ilikuwa wazi? Walikuwa wangapi pale? Kwa wale wanaoshuka chini ya udongo, kila mutu anaacha jeto yake juu. Zamu ikiisha na jeto inabakia, tunajua mwenzetu hajapanda, na hakuna anayeenda nyumbani. Sasa kwenye viwanja vyetu, nani anahesabu? Tikiti zinauzwa, alafu kuko wanaopita bule kwa kumujua mulinzi, alafu kuko wanaoruka ukuta, alafu karibu na mwisho milango inafungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo haonekane.

Na juu ya gazi: sheria za FIFA za usalama wa viwanja zinakataza kabisa kuingia nayo na kuitumia. Sababu ni rahisi. Gazi inapigwa kusudi watu watawanyike. Njiani mutu atakimbia kushoto ao kuume. Kiwanjani anaelekea mulango mumoja, na wenzake maelfu wako naye. Hakuna delege wa sekirite mu mine angekubali moshi utiwe mu shimo ambalo njia yake ya kutokea imefungwa. Juu ya nini tukubali pale watoto wetu wanakaa?

Kuna jambo lingine tusilolifiche. Desemba 2010, Mazembe ilicheza fainali ya dunia ya vilabu kule Abu Dhabi, ikashindwa na Inter ya Milano 3 kwa 0. Hapa Lubumbashi, kuko waliokasirika wakaenda kushambulia maduka ya Wachina, juu refa alikuwa mutu wa Japani. Hakuna mupenzi hata mumoja wa Inter alikuwa mu muji. Hasira ikikosa mugeni, inajitafutia wa karibu. Leo anaweza kuwa jirani mwenye kabila lingine, na sisi Katanga tunajua ile njia inafika wapi.

Katazo mu mikono ya siasa

Tunaogopa pia kalamu ya anayekataza. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walikuwa mu grevi, wakakusanyika kwenye kiwanja cha mupira hapa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Liwali Amour Maron aliamuru askari wapige risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa, pamoja na makumi ya wengine. Watu wengi wa kazi pahali pamoja wamewatisha wakubwa tangu zamani. Wakati mwenye kuamua katazo ni mutu wa siasa, na timu inayokatazwa ni ya mupinzani wake, nani ataamini kama ni usalama njo anatafuta?

Lakini tusemeshe na wanasiasa wa pande zote. Wale wanaolipa bisi na pombe na mayo, wanatuma vijana waimbe matusi juu ya wenzao, alafu wao wanakaa kwenye vikao vya heshima karibu na mulango wao wa pekee. Kijana akikanyagwa, hawamujue jina.

Tunaomba nini

Hatusemi katazo lisikuwe hata siku moja. Kuko siku hatari ni ya kweli, na uhai unapita mupira. Lakini katazo liandikwe na sababu zake, liwe la mechi ile moja, litangazwe mapema kusudi baba asipoteze feza ya tikiti na ya safari. Na liwe sawa kwa timu zote mbili, kwenda na kurudi.

Siku zingine zote, wageni wapewe upande wao, na mulango wao, na saa yao ya kutoka. Tikiti zisipite vikao. Kila mulango wa kutokea uwe na mutu mwenye ufunguo, na asitoke pale mupaka wa mwisho apite. Gazi ibakie inje ya kiwanja. Na mbele ya mechi, wapenzi wa pande mbili wakae meza moja na polisi na wenye kiwanja, sawa vile kazini tuko na komite ya usafi na sekirite ambamo delege wa wafanyakazi anakaa na mukubwa wa kazi na anaweza kusema hapana.

Na wewe ndugu, mama, dada, usingoje wao. Ukiingia kiwanjani, mbele ya kutafuta kikao, tafuta kwanza njia ya pili ya kutokea na uioneshe watoto. Mupatane pahali pa kukutana inje kama mukiachana. Ukiona mulango wa kutokea umefungwa na kufuli, usinyamaze: ita wenzako, muulize mwenye ufunguo iko wapi, muulize kwa sauti, wa Mazembe na wa Lupopo pamoja.